Kusikiliza Chumba

Jumapili usiku

Kwa siku nne mfululizo, kila chakula cha usiku kinapokwisha na nyumba ikatulia, nimekuwa nikikaa sebuleni na hedifoni masikioni nikizisikiliza upya albamu za roki za mwanzoni mwa miaka ya tisini ambazo nilizijua nikiwa kijana. Sikuzitafuta kwa ajili ya kumbukumbu, ingawa kumbukumbu zilikuja zenyewe bila kuitwa. Nilitaka kusikia jambo moja ambalo enzi hizo sikuwa na sikio la kulisikia, nalo ni chumba: pale mahali penyewe zilipopigwa dramu na magitaa, upana wake, ugumu wa kuta zake, na uamuzi wa msimamizi wa kurekodi ama wa kukiacha chumba kile kisikike, ama wa kukifunika na kutubunia kingine.

Albamu mbili kati ya hizi zilinifikia kwa kanda moja. Mtoto wa mjomba wangu alikuwa baharia, na safari moja alirudi Tanga na kanda ya dakika 90 aliyonakiliwa na mwenzake melini, nakala iliyotokana na nakala nyingine, yenye mvumo wa kudumu kama wa mvua ya mbali. Upande wa kwanza ulikuwa na Nevermind ya Nirvana, yenye dakika 42 na ushei, nayo ilienea vizuri. Upande wa pili ulikuwa na Ten ya Pearl Jam, ambayo ina dakika 53, na hiyo haikuenea. Wimbo wa mwisho, "Release", ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kupanda, gitaa likizunguka taratibu, mara kanda inafika ukingoni na kitufe cha redio kinaruka kwa kishindo. Kwa miaka mingi albamu ile kwangu iliishia hapo.

Nevermind ilirekodiwa Mei na Juni 1991 katika studio ya Sound City, Van Nuys, jijini Los Angeles, prodyuza akiwa Butch Vig, na ikatoka tarehe 24 Septemba mwaka huohuo. Sound City ilijulikana kwa meza yake ya Neve ya kuchanganyia sauti na kwa ukumbi wake mkubwa, ambamo pigo la dramu huvimba bila kupoteza umbo. Dave Grohl, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka katika bendi, anapiga kwa nguvu za mtu anayepasua kuni, lakini ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba hana pigo la ovyo hata moja. Katika "Lithium" bendi ilikuwa inaongeza kasi kadiri wimbo unavyosonga, ikabidi apige akifuata mdundo wa mashine masikioni, na bado wimbo umebaki na pumzi ya binadamu. Hilo si jambo dogo.

Hata hivyo tunachokisikia kwenye albamu si Van Nuys tupu. Vig alianza kuichanganya mwenyewe, yaani kuzipanga na kuzisawazisha sauti zilizorekodiwa, matokeo hayakuridhisha, na kazi ikapelekwa kwa Andy Wallace, ambaye bendi ilimpenda kwa sababu alikuwa amefanya kazi na bendi ya metali ya Slayer. Wallace alizipitisha nyimbo kwenye mashine mbalimbali za madoido, akazirekebisha sauti za dramu, na akawa anamaliza takriban wimbo mmoja kwa siku. Baadaye Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alilalamika kwamba kazi ilikuwa imesafishwa kupita kiasi, na mimi, kama vijana wengi wa rika langu, nilimeza lalamiko hilo kama lilivyo, bila kuwa na cha kulinganishia. Miksi za mwanzo za Vig zilitolewa mwaka 2011 katika toleo la kuadhimisha miaka ishirini. Ijumaa nilizisikiliza zote mbili, wimbo kwa wimbo. Kwa Vig dramu ziko karibu na ni kavu zaidi, na magitaa yana kingo zisizonyolewa. Kwa Wallace kila kitu kimepewa nafasi yake, na snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inapopigwa inaacha nyuma yake hewa kubwa kuliko ukumbi wowote wa kweli.

Nilidhani ningechagua ya Vig, lakini nimechagua ya Wallace, na sababu yenyewe ni ile kanda ya Tanga. Nilikuwa nikiisikia albamu ile kupitia spika moja ya redio iliyokaa juu ya kabati, kwenye nakala iliyokwisha kuchakaa kabla haijanifikia, na bado snea ile ilikuwa inatoboa mvumo wote na kunifikia nilipokaa. Wallace aliichanganya kazi hiyo ili iweze kusafiri. Cobain alikuwa na haki ya kuuhuzunikia ukavu uliopotea, kwa kuwa kazi ilikuwa yake, lakini mimi nilikuwa mmoja wa watu waliokuwa mbali ambao usafi ule ulifanywa kwa ajili yao.

Katika albamu hiyohiyo kuna wimbo ambao nimeurudia mara sita wiki hii, nao ni wa mwisho, "Something in the Way". Walijaribu kuurekodi bendi nzima na haukukaa sawa. Cobain akaingia katika chumba cha mitambo, akajilaza kwenye kochi, na akaanza kumwonyesha Vig namna alivyotaka usikike, akipiga gitaa lisilo la umeme na kuimba kwa sauti ya chini mno, karibu na mnong'ono. Vig akazima kiyoyozi, akaikata simu, na akarekodi palepale kwenye kochi. Dramu na besi ziliongezwa baadaye, na Grohl, mtu wa kupasua kuni, akalazimika kupiga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Ukivaa hedifoni unasikia mate kinywani mwa mwimbaji na kucha zikigusa nyuzi. Hapo hakuna ukumbi mkubwa wa Sound City, kuna ukubwa wa kochi tu. Nampa Vig heshima kubwa kwa dakika zile: alikuwa na studio nzima mkononi mwake, akaamua kuizima.

Mwaka na miezi kadhaa baadaye Nirvana walitafuta kinyume cha yote hayo. Walimwendea Steve Albini, mtu aliyekataa hata kuitwa prodyuza na aliyetaka jaladani aandikwe tu kama aliyerekodi. Kabla ya kazi aliwaandikia barua akieleza kwamba hataki mgawo wowote wa mauzo, na kwamba angependa kulipwa kama fundi bomba: kazi imekwisha, ujira umetolewa, basi. Ujira wake ulikuwa dola 100,000, na fedha ambayo angeweza kuivuna baadaye kwa kukubali mgawo ilikuwa nyingi kuliko hiyo kwa mbali. Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu msimamo ule haukuishia kwenye mkataba, unasikika hata kwenye sauti. Albini alijiona ni fundi aliyeitwa kufanya kazi kwenye nyumba ya wenyewe, na fundi wa kweli hahamishi kuta za mwenye nyumba.

In Utero ilirekodiwa Februari 1993 katika studio ya Pachyderm, msituni karibu na mji mdogo wa Cannon Falls, Minnesota, kwa muda wa wiki mbili. Kabla hawajafika, Albini alimtumia Cobain albamu ya PJ Harvey, Rid of Me, aliyokuwa ameirekodi palepale, ili asikie jinsi chumba kile kinavyoitikia sauti. Kwa hiyo barua ya mwaliko, ukipenda kuiita hivyo, ilikuwa ni chumba chenyewe. Dramu za Grohl zilizungushiwa maikrofoni zipatazo 30, nyingine zikiwa mbali na ngoma, na kazi ya zile za mbali ilikuwa ni kuinasa hewa. Sehemu kubwa ya bendi ilipigwa kwa pamoja, na Cobain aliimba karibu sauti zake zote kwa muda wa saa sita hivi. Sisi tuliokulia na muziki wa dansi uliorekodiwa Redio Tanzania, bendi nzima ikiwa ndani ya chumba kimoja, tunaujua ukaribu wa namna hii hata kabla hatujaambiwa jina lake.

Kwa nyimbo mbili, "Very Ape" na "tourette's", dramu ziliwekwa jikoni kwa sababu ya mwangwi wa asili uliokuwa humo. Nilipolikumbuka hilo juzi usiku nilivua hedifoni, nikaenda jikoni kwetu, nikapiga kofi moja. Jiko letu lina vigae hadi usawa wa mabega na dari la saruji. Kofi lilirudi haraka, kali, likiwa na mlio wa bati kwa mbali, kisha likafa. Nikarudi sebuleni nikapiga kofi jingine, likamezwa na mapazia na makochi. Niliposikiliza tena "Very Ape" niliutambua ule mlio mfupi unaoifuata kila snea, na kwa mara ya kwanza nikaona mahali: sinki, kabati, na kijana mwenye nywele ndefu akizipiga ngoma kati yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Kampuni ya rekodi haikufurahi, bendi yenyewe ikaona kwamba besi na sauti ya mwimbaji haviko mbele vya kutosha, Bob Ludwig akaifanyia kazi albamu katika hatua ya mwisho, na Scott Litt akaitwa kuzichanganya upya "Heart-Shaped Box" na "All Apologies". Ilitoka Septemba 1993. Nyimbo hizo mbili za Litt ni nzuri, nami sina ugomvi nazo, lakini ukisikiliza albamu kwa mfululizo utahisi zinapoanza kama mtu aliyetoka uani akaingia ndani na kufunga mlango. Nawaonea huruma wote waliogombana wakati ule, kwa maana kila mmoja alikuwa anasikia sawasawa. Sauti ya mwimbaji iko chini kweli. Na ndivyo ilivyo ukiwa chumba kimoja na mpigaji dramu wa namna ile.

Loveless ya My Bloody Valentine, iliyotoka Novemba 1991, niliisikiliza jana, na kwa kipimo hiki cha chumba ilinishinda. Ilirekodiwa kwa zaidi ya miaka miwili, kuanzia 1989, katika studio zipatazo 19, na hakuna hata moja kati ya hizo inayosikika. Kevin Shields anapiga gitaa huku mkono wake umeshikilia ile fimbo ya kulegezea nyuzi, kwa hiyo kila kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inayumba, inapanda na kushuka kama jahazi lililofungwa bandarini. Dramu nyingi zilijengwa kwa vipande vya sampuli kwa kuwa mpigaji alikuwa mgonjwa, na Bilinda Butcher aliwahi kueleza kwamba mara nyingi aliamshwa asubuhi na mapema kuja kuimba, jambo linalosikika katika kila silabi. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini niliposikiliza kwa kutafuta kuta, sikuzipata, nikaacha kutafuta, nikaisikiliza tu.

Leo imekuwa zamu ya Ten. Rick Parashar aliirekodi katika studio ya London Bridge, karibu na Seattle, mwanzoni mwa 1991, kisha Tim Palmer akaichanganya Uingereza katika studio ya Ridge Farm, shambani karibu na Dorking. Studio ilikuwa mbali na duka lolote la kukodisha ala, na Palmer alipohitaji vyombo vya kugongwa kwa ajili ya "Oceans" alichukua kichupa cha pilipili na mtungi wa kuzimia moto. Napenda sana kulijua hilo. Lakini alama kubwa ya mkono wake ni mwangwi: dramu, gitaa na sauti ya Eddie Vedder vimezama ndani yake kama mahubiri ndani ya kanisa kubwa la mawe. Bendi haikuupenda mwangwi ule kwa miaka mingi, na mwaka 2009 Brendan O'Brien akaichanganya albamu nzima upya, akaukausha.

Mpwa wangu, ambaye ana miaka kumi na tisa na anarekodi muziki kwa kompyuta chumbani kwake, alikaa nami nikampigia "Black" kwa matoleo yote mawili. Alisikiliza kimya, mikono magotini, hadi mwisho.

"Mjomba, hii ya pili ndiyo safi," akasema. "Kila kitu kinasikika."

Ni kweli, na nilimwambia hivyo. Magitaa mawili yaliyokuwa yamegandana sasa yanatengana, na besi ya Jeff Ament ina mwili. Nikamwambia pia kwamba mimi nitabaki na ile ya kwanza, kwa kuwa wimbo ule ni wa mtu anayeongea na aliyekwisha kuondoka, na katika toleo la Palmer anaongea ndani ya jengo tupu. Hakubishana nami. Aliomba tu apigiwe tena la kwanza, akalisikiliza akiwa amefumba macho.

Alipokwenda kulala nikaiacha albamu iendelee hadi "Release", ambamo Vedder anamwimbia baba yake mzazi, aliyefariki kabla yeye hajajua kwamba ndiye baba yake. Gitaa likaanza kuzunguka, na ilipokaribia ile dakika ya 45, mabega yangu yakajikaza yenyewe yakisubiri kitufe kiruke. Wimbo ukaendelea kupanda, ukafika kileleni, ukashuka, na baada ya kimya kikarudi kile kipande cha besi kinachofungua albamu, kipande ambacho kwenye kanda ya Tanga nilikijua kama mwanzo tu. Niliuacha mwangwi wake upungue hadi nikawa nasikia feni ya sebuleni, ndipo nikavua hedifoni.