Maharage ya Asilimia Sitini

Mpwa wangu juzi kanitumia picha ya mgao wake wa mkopo wa chuo, na swali chini yake: "Mjomba, hivi nyie mligoma kweli au ni stori za mama tu?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Tuligoma chuoni, Novemba 2008. Mliokuwepo mnajua, sirudii yote. Kulikuwa na madaraja ya mkopo, kuanzia A ya asilimia 100 hadi F ya patupu, na fomu za kupima uwezo wa mzazi ambazo mzazi mwenyewe akizisoma hajitambui. Sisi tulitaka asilimia 100 kwa kila mtu. Mimi nilikuwa A tayari, sikuwa na cha kudai. Ila jamaa yangu wa Kilosa, niliyekuwa nimembeba chumbani, yaani analala kitandani kwangu, alikuwa C. Serikali ilimpa 60, arobaini atajua mwenyewe. Sasa mtu unambeba kitandani kila usiku, utamwachaje uwanjani?

Basi mikutano, nyimbo, vyuo vingine vikaingia, chuo kikafungwa. Tangazo likabandikwa mchana: jioni pasionekane mtu.

Yule bwana alikuwa na maharage kwenye jiko la koili, lile la kuficha chini ya kitanda. Yalikuwa yamechemka, hayajaiva. Nikamwambia mwaga, twende. Akaniangalia kama nimemtukania mama. Akafunika sufuria, akaifunga kwa shuka, begi mgongoni, sufuria kifuani, tukashuka.

Getini FFU, askari wa kutuliza ghasia, wamejipanga, kofia ngumu na virungu. Mmoja akatusimamisha.

"Humo kuna nini?"

"Maharage, afande."

"Fungua."

Akafungua shuka taratibu, fundo kwa fundo, mvuke ukapanda. Afande akainama, akachota moja kwa vidole, akalitafuna. Tulisikia likilia kwenye meno.

"Hayajaiva haya. Na kitunguu kiko wapi?"

"Kitunguu kiko kwenye ile asilimia 40, afande."

Nilijua tumekwisha. Afande hakucheka. Aliyecheka ni mwenzake wa nyuma, tena mpaka ngao ikamponyoka, ikalia kwenye lami, foleni nzima ya wanafunzi na mandoo yao ikageuka. "Piteni, piteni," akasema yule wa kwanza, bado anatafuna.

Yale maharage tuliyala Ubungo tukisubiri basi la Morogoro, kwa kijiko kimoja. Yalikuwa magumu, bwana.

Tulirudi baadaye, kila anayechangia na stakabadhi ya mchango wake. Ya jamaa wa Kilosa ilitokana na cherehani ya shangazi. Madaraja tuliyakuta palepale, hakuna hata herufi iliyosogea. Waliotutangulia walishaipigia kelele hii habari ya kuchangia tangu miaka ya tisini, na baada yetu wakaja wengine. Kama ule mgomo wetu ulizuia kitu kibaya zaidi, sijui. Wapo wanaoapa kwamba ulizuia.

Kisha likaja deni. Mwaka 2016 sheria ikapandisha makato ya mkopo kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15, na juu yake ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofutwa 2021. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka: mimi wa A, niliyegoma kwa ajili ya wengine, nilikuwa nimekopa kuliko yeye. Jamaa wa Kilosa kamaliza kulipa kitambo. Mwezi wa mshahara wake wa kwanza usio na makato alinipigia.

"Vipi, mtoto wa daraja A," akasema, "nikutumie ya kitunguu?"