Wale vijana walionyoosha mikono

Bwana asifiwe wapendwa.

Desemba ya mwaka juzi nilipanda bodaboda kutoka stendi ya Masasi kwenda nyumbani, mvua ndo zinaanza anza, tumefika natoa hela kijana akaikataa, akasema dada mi nakujua, we ndo uliandika jina langu. Nikamwangalia, simkumbuki kabisa. Akanitajia kijiji, kipo upande wa kwenda Newala, akanitajia na mkutano wetu wa injili wa mwezi wa nane, hadi nguo niliyovaa siku hiyo anaijua. "Mlisema mtakuja kututembelea, mi nikawa nasubiri." Akawasha pikipiki akaondoka.

Nikaingia ndani nikatafuta lile kauntabuku. Lilikuwa kwenye sanduku la sare za kwaya, chini kabisa. Majina 63. Jina lake ni la kumi na nne, na mwandiko ni wangu. Pembeni nimeandika "atembelewe". Karibu kila jina nimeandika hivyo hivyo, atembelewe, atembelewe, na hakutembelewa hata mmoja. Lakini Jumapili baada ya mkutano tulisimama kanisani tukatoa taarifa kwamba vijana 63 wamempokea Yesu, watu wakapiga makofi na vigelegele, mimi mwenyewe nililia kwa furaha. Sikudanganya, mikono kweli ilinyooshwa 63, ila tukishashusha spika na jenereta kwenye fuso kila mtu akarudi kwake na ndo ikawa imeisha.

Anayekujua huku kwetu ataelewa kilichofuata. Mkutano tunaufanya mwezi wa nane kwa sababu ni kiangazi, barabara zinapitika na watu wana nafasi kidogo. Sasa ukitoka hapo mwezi wa tisa korosho zinaanza kudondoka, wa kumi minada inafunguliwa, watu wanapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghalani, ukishauzwa hela inaingia benki, na mtaa mzima unabadilika. Kijana ambaye mwezi wa nane alikuwa hana hata mia tano, wa kumi na moja ana laki kadhaa mfukoni, uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, upo kila kona, vigodoro, zile ngoma za mtaani, mpaka asubuhi, wasichana wadogo wanadanganywa na simu, boda mpya zinanunuliwa na kuna zinazoua watu wiki hiyo hiyo. Yani ule msimu ambao mwongofu mpya anahitaji mtu wa kumshika mkono ndo msimu ambao sisi tuliompigia kelele kwenye maiki tupo mashambani kwetu tunaokota korosho zetu. Nauli nayo ilikuwa sababu, lakini hela ya kukodi spika kubwa tuliipata.

Nilikaa na hilo jambo muda mrefu, nikamwendea bibi yangu. Bibi ni Mmakua, amezaliwa na kukulia kanisani, na hadithi za misheni anazo nyingi. Akaniambia nyie mnahubiri kama mnapita, wale wazee walikuja kukaa. Na ni kweli ukiangalia historia ya hapa petu, Masasi ilianza mwaka 1876 pale Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alipotoka na watu waliokombolewa utumwani kule Zanzibar, safari yao ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa lakini wakaishia hapa, wakajenga nyumba, wakalima. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakavamia, wakaua watu, wakachoma na kuchukua mateka, na bado kazi haikufa. Na Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa akiwa mtoto akakombolewa, alikaa miaka na Wayao kule Chitangali, mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni yote ile. Injili ilifika na watu ambao asubuhi unawaona kisimani.

Ila kinachonigusa zaidi ni habari ya jando. Mapadre wa hapa pamoja na Vincent Lucas, yule aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, waliona vijana wa Kikristo wanaenda jandoni tu hata wakikatazwa, kwa sababu asiyeenda hahesabiwi mtu mzima. Hawakuishia kukemea. Wakatengeneza jando lenye sala na mafundisho ya Kikristo, wavulana wakatahiriwa na kufundwa humo humo ndani ya mikono ya kanisa. Unaweza ukabishana kuhusu mengi waliyofanya, mimi mwenyewe nina maswali, lakini walielewa kwamba ukitaka kumpata kijana lazima uwepo pale anapovuka kutoka utoto kwenda utu uzima. Siku hizi huko kuvuka kunafanyika stendi, kwenye boda, kwenye simu, na sisi hatupo.

Bas mwaka uliofuata niliomba tubadilishe. Kikao kilikuwa kigumu, kuna wazee walisema mkutano bila muziki mkubwa hauna watu, na kweli watu walipungua, mikono ilinyooshwa 19. Lakini watu watatu walibaki kijijini wiki mbili, mmoja wao mimi, tukalala kwa mama mmoja muumini, Mungu ambariki, nyumba yake ina vyumba viwili na alitupa kimoja.

Hapo ndo nilijifunza kitu ambacho semina zote nilizohudhuria hazikunifundisha, kwamba kwetu huku kijana ana mjomba. Hata awe na miaka ishirini na ngapi, jambo kubwa la maisha yake mjomba anaulizwa. Sisi mwanzoni tulikuwa tunaongea na kijana peke yake, anaokoka, anarudi nyumbani mjomba anasikia kwa watu, anaona mtoto kaibiwa. Safari hii tulienda kwa wajomba, tunapiga hodi, tunakaa kwenye mkeka, tunaeleza sisi ni nani na tunamtaka kijana kwa jambo gani. Wajomba wengine ni Waislamu, huku kwetu familia moja ina msikiti na kanisa ndani yake, mimi mwenyewe mjomba wangu mkubwa ni alhaji. Mmoja alituambia mi dini yenu siitaki ila kama mtamtoa huyu kwenye pombe, mchukueni, na kila Jumatano, siku ya kikundi chetu, yeye ndo anamkumbusha kijana saa zimefika.

Na hapa naomba niseme na wahubiri wenzangu kwa upendo kabisa. Acheni kuwaambia vijana kwamba bibi zao ndo wanawaloga. Nimeona msichana amerudi kutoka kwenye maombezi hataki kula chakula cha bibi aliyemlea tangu mama yake afariki, yule bikizee alikuwa anakaa barazani analia na hajui kosa lake, ilichukua miezi kuwapatanisha. Acheni kuwaambia waache dawa za hospitali. Wamisionari wa Kikatoliki wa Ndanda, hapa jirani, walifika mwaka 1906, nchi imetoka kuungua na Maji Maji, na waliweka hospitali na shule na karakana, hakuna aliyesema dawa ni kukosa imani. Na spika ukiielekeza msikitini saa ya swala unamhubiria nani?

Jumatano tunakutana chini ya mwembe saa kumi jioni. Tunaimba, tunasoma Neno, halafu tunaongea mambo ya kawaida kabisa, nani kagombana na nani, nani kaitwa polisi na boda haina leseni. Wakaanzisha kikoba, hisa elfu mbili, msimu wa korosho uliopita vijana sita waliweka hela badala ya kuimaliza, mmoja amenunua cherehani na mwingine kapandisha nyumba ya mama yake mpaka kwenye linta. Kuna binti alikuwa ameacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, hakujua kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana kama yeye kurudi, sisi tukamwambia, wakinamama wa kikundi wakachanga sare na madaftari na bibi yake anabaki na mtoto. Mwaka huu yuko darasani tena. Nikimwona na begi mgongoni nashindwa kuongea.

Si wote. Katika wale 19, nane hatuwaoni tena. Wawili wameenda Dar, mmoja amerudia pombe kwa nguvu kuliko mwanzo na tunaenda kwake na anatufukuza na tunaenda tena. Binti mmoja ameolewa na Mwislamu na amebadili dini, nikikutana naye sokoni tunakumbatiana vizuri tu, anaulizia wenzake kwa majina.

Na yule wa boda. Nilimtafuta stendi, wiki nzima, nikamwomba msamaha. Akasema hamna shida dada. Kumbe shida ilikuwepo, miezi ile aliyosubiri alipata ajali akiwa amelewa, mguu una vyuma mpaka leo, hajawahi kunilaumu ila mi najua tarehe zake na najua Jumapili ile tulikuwa tunashangilia nini. Sasa hivi yeye ndo anashika kauntabuku. Ameongeza mistari miwili ambayo mimi sikuwahi kuiwaza, namba ya mjomba, na jina la mtu aliyekubali kwenda kumtembelea, na kama hakuna aliyekubali haandiki hilo jina, anakusimamisha hapo hapo anauliza nani ataenda kwa huyu?

Mwezi wa nane tunaenda tena, siku tatu tu badala ya saba, spika ndogo. Hela inayobaki ni nauli ya kurudi kule Oktoba, Novemba na Desemba. Wenye pikipiki mnaoweza kujitolea hata siku moja, semeni mapema.