Kilomita 420 za Nairobi hadi Mombasa zinakula muda gani

Kutoka uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420 kwa mstari ulionyooka, na jeti huzimaliza kwa dakika 45 hivi hewani. Mimi nilitoka Westlands saa kumi na moja alfajiri kuwahi ndege ya saa moja u nusu, nikaingia Nyali saa tano kasorobo.

Barabarani hakukuwa na shida, Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, saa hizo ni nyeupe. Lakini muda unaanza kuliwa mapema. Kabla ya kufika kwenye jengo gari lilisimama, abiria wote tukashuka na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu, dereva akazunguka kutuchukua upande wa pili. Mlangoni tukakaguliwa tena, mizigo ikiwemo.

Kilichoniudhi ni shirika nililosafiri nalo. Safari ilisogezwa saa nzima kwa sababu ndege ilikuwa haijarudi kutoka safari iliyotangulia, na maji ya kunywa nikajinunulia mwenyewe kwa bei ya kuumiza. Ndege moja huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo ikichelewa asubuhi, walio nyuma wote wanachelewa. Anayetaka kufika kwa wakati akate ile ya kwanza kabisa, hata kama ni kuamka usiku.

Tikiti huandika karibu saa nzima, maana saa huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa kule. JKIA ina njia moja tu ya kurukia, hivyo kungoja zamu ni kawaida. Ikishapaa, ni kupanda na kushuka tu. Ikiwa futi 33,000, rubani huanza kushuka ikibaki kama kilomita 185. Ukitoa na masafa ya kupanda, mwendo wa kwenda sawa haufiki hata robo saa, ndiyo maana wahudumu hugawa juisi wakikimbia. Ndege ya panga boi huenda polepole zaidi, iongezee dakika kumi na kitu.

Kaa dirishani upande wa kulia. Kukiwa hakuna mawingu Kilimanjaro inaonekana yote, theluji yake ikiwa juu ya utando wa vumbi, na hapo nilisahau hasira zote.

Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Port Reitz, si kisiwani. Wa Nyali lazima avuke kisiwa chote, na teksi ni ghali. Patana bei kabla hujapakia begi. Wa Diani, pwani ya kusini, asipitie Likoni kungoja feri, barabara ya Dongo Kundu imeunganisha kule. Na kama ni Diani tu unakokwenda, angalia kwanza ndege za Ukunda, uwanja ulio karibu na Diani, nyingine huondokea uwanja wa Wilson wa Nairobi, karibu na mjini.