Komenti na kasi ya skripti
Leo nimeletewa skripti ya Python iliyonyolewa kipara: haina komenti hata moja, yaani yale maelezo ya msomaji yanayoanza na #. Mwenyewe ananiambia alizifuta makusudi, ili iende mbio. Sikutaka ubishi. Nikaandika fanksheni mbili, f na g, zinazofanya kazi ileile, ya pili nikaijaza komenti kuliko msimbo wenyewe, kisha nikauliza: f.__code__.co_code == g.__code__.co_code. Jibu likaja True. Kinachoendeshwa ni kilekile, baiti kwa baiti.

Python hutupa komenti inapochambua matini, kabla baitikodi (maagizo ambayo Python huyatekeleza) haijatengenezwa. Moduli, yaani faili inayoletwa kwa import, ikishaingizwa, baitikodi yake huwekwa kwenye folda ya __pycache__, na safari ijayo hata uchambuzi huo haurudiwi. Faili unayoiendesha moja kwa moja ndiyo husomwa upya kila mara, na hapo gharama ni kuruka herufi tu. (Docstring, yale maelezo ya fanksheni yanayowekwa ndani ya alama za nukuu, usiichanganye na komenti. Ile ni stringi halali, inakaa kwenye kumbukumbu, na huiondoi mpaka uiendeshe Python kwa chaguo la -OO.) Kwenye lugha ya C ndio kabisa: kila komenti hugeuzwa nafasi moja tupu mwanzoni mwa ukompaili, basi.

Hata hivyo siwacheki wenye hofu hii, maana ina asili yake. Kwenye kompyuta za lugha ya BASIC za miaka ya 1980, REM, amri ya kuandikia komenti, ilikaa kwenye kumbukumbu na maneno yake yote. Commodore 64 ilikuwa ikiwaka inakutangazia baiti 38911 zilizo huru kwa BASIC. Humo ndani maelezo marefu yalikuwa anasa. GOTO, amri ya kurukia mstari mwingine, nayo ilitafuta namba ya mstari kwa kupita mstari mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo REM zilizokuwa njiani ziliirefushia safari. Faili za batch za Windows zina tabia ya namna hiyo mpaka leo: cmd.exe, programu inayoziendesha, husoma mstari, hutekeleza, husoma unaofuata, na REM kwake ni amri kama amri nyingine. Bash, inayoendesha skripti za amri kwenye Linux, ni nafuu, kwa sababu kitanzi (sehemu inayojirudia) hukichambua chote mara moja ndipo kikazunguka.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha V8, injini ya JavaScript ya Chrome na Node.js. Enzi za Crankshaft, kompaila yake ya zamani, injini ilipotaka kuamua kama mwili wa fanksheni fupi uchomekwe palepale inapoitwa, iliangalia urefu wa matini. Kikomo kilikuwa herufi 600, na komenti zilihesabiwa! Ungeweza kuongeza sentensi mbili za maelezo ukaipunguzia fanksheni kasi bila kugusa msimbo. Toleo la 5.9 mwaka 2017 lilipoleta Ignition na TurboFan badala yake, kipimo kikawa ukubwa wa baitikodi, mchezo ukaishia hapo.

Kwenye kivinjari mzigo uliobaki ni wa usafirishaji, kwani komenti hupita kwenye mtandao pamoja na msimbo. Hiyo ni kazi ya zana za kubana faili kabla ya kuipandisha kwenye seva, si ya mkono wa mtu kwenye faili ya asili. Na hata zana uziangalie. Kwenye PHP, ukizima opcache.save_comments, OPcache, sehemu ya PHP inayohifadhi msimbo uliokwisha kukompailiwa, hutupa komenti za nyaraka, na maktaba zinazosoma maagizo yaliyoandikwa humo hugoma kufanya kazi.