Jana ulikula nini?

Mama wa kwanza alinijibu kama anayesoma ubaoni: "Ugali, maharage, mboga za majani, matunda, maziwa, mayai." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akaongeza na samaki. Tulikuwa Kilolo, mkoani Iringa, siku ya kwanza ya kulijaribu dodoso la utafiti wa lishe, katika kijiji ambacho hakikuwamo kwenye sampuli. Hadi jioni nilikuwa na kaya saba, zote zimekula kama zimetoka harusini. Mayai tele kwenye kishikwambi changu, na uani sikumbuki kuona kuku. Kideri, ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita.

Msimamizi alipitia majibu yangu usiku, akaniuliza: "Sasa Iringa tumefuata nini?"

Jibu tulikuwa nalo wote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa walikuwa kama 57. Njombe na Rukwa, kama 50. Mikoa ileile ambayo magari yake ya viazi na mahindi tunapishana nayo barabarani kila siku.

Kosa moja lilikuwa la dodoso. Sehemu ya uelewa ilitangulia ile ya ulaji. Namwomba mtu ataje makundi ya chakula, anayataja kama alivyofundishwa kliniki, kisha papo hapo namuuliza jana alikula nini. Nani atasema alikula ugali na chumvi? Kosa la pili lilikuwa langu. Kila aliyetaja matunda nilimwitikia "safi kabisa, mama!" Nilikuwa nasahihisha mtihani bila kujua.

Kwa kuwa yalikuwa majaribio tu, sehemu zile zikageuzwa, ulaji ukatangulia. Nikajizoeza pia kukaa kimya baada ya jibu, jambo ambalo kwa mtu mwenye mdomo kama wangu lilichukua siku mbili. Hata hivyo majibu hayakunyooka. Sasa yakawa mafupi mno.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja ambaye hakuwa hata mlengwa, maana kipimo chetu kilikuwa cha wanawake wa miaka 15 hadi 49. Nilikuwa namsubiri mkwewe arudi kisimani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kamwene."

Nikamuuliza, kupitisha muda tu, jana alikula nini. "Jana sikula," akasema, bila huzuni yoyote. Alikuwa akimenya viazi. Nikauliza kama alikuwa anaumwa. Hapana, alishinda shamba la mbali na usiku akalala mapema. Huko shamba je? Viazi vya kuchoma. Asubuhi? Chai na viazi vilivyolala. Na jirani alimpa maharage kidogo. "Lakini kula, sikula."

Kwake, kula ni ugali. Usipoliwa ugali, hakikuliwa kitu. Na mimi kutwa nzima nilikuwa nawauliza watu "ulikula nini", nao wananijibu swali nililouliza.

Nikaliacha neno lile. Mkwewe alipofika nilianza na kazi: "Jana ulipoamka, ulianza na nini?" Aliwasha moto. Ukabandika nini? Chai. Ikanywewa na nini? Kiporo cha viazi. Tukaenda hivyo hadi shambani, hadi kurudi, hadi jioni ilipobandikwa sufuria ya pili. Maharage mliyaunga na nini? Kitunguu, nyanya, mafuta. Kulikuwa na mboga? Chainizi. Hapo akakumbuka na dagaa: mtoto alitumwa dukani kuleta wa mia mbili, sufuria moja ya watu wanane.

Kuhesabu nako kunauma. Makundi ni kumi, na mwanamke akifikisha matano tunasema mlo wake una mchanganyiko wa kutosha. Ugali na viazi ni kundi moja, hata ungeongeza na ndizi za kupika kutoka Tukuyu. Maharage la pili. Chainizi la tatu. Nyanya na kitunguu la nne. Dagaa wale hawakuhesabiwa, kwa sababu kitu kisichofika kijiko kimoja cha chakula, gramu 15, ni kiungo tu. Mafuta hayamo. Nne. Na nje ya mlango mparachichi umeinama kwa matunda. "Hayo ni ya biashara," akasema, "mnunuzi anakuja Alhamisi." Tulipofika sehemu ya uelewa, akataja makundi yote bila kukwama. Parachichi alilitaja la kwanza.

Kilichobaki kunihangaisha kilikuwa nyama. Nikiuliza "mlipika nyama?" naambiwa hapana. Nikiuliza watoto walichoma nini, wanacheka, kisha wanasema: simbilisi. Wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaokimbilia chini ya kuni jikoni. Wanachukuliwa kama wa watoto, basi hakuna anayewaita nyama, ingawa mama naye alimega. Kwenye kishikwambi kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kuku, nguruwe, kisha "nyingine, taja". Nikawa nataja.

Kazi yenyewe ilipoanza, siku ya nne nilipigiwa simu na anayepokea takwimu Dar es Salaam. Alitaka kujua simbilisi ni ndege wa aina gani, amweke kundi lipi. Nilikuwa jikoni kwa watu, simbilisi mmoja anatafuna ganda la hindi karibu na kiatu changu. Nikampiga picha, nikaituma.