ThinkPad X230 ya mwaka 2012: kumbukumbu ya mradi wangu, kutoka Darajani hadi Wete

Jumamosi, 10 Januari 2026

Marehemu babu ameacha madaftari saba ya maneno ya Kipemba ya uvuvi na uundaji wa vyombo, yote kwa mkono wake, na wino wa mengine umeanza kufifia. Nataka kuyachapa yote. Kwa kazi hiyo nilijiwekea shilingi 450,000 za kompyuta, matengenezo yakiwa humo humo, nikavuka kwa boti hadi Unguja na kuzunguka maduka ya vitu vilivyotumika, Darajani mpaka Mlandege.

Nimechukua ThinkPad X230, kompyuta mpakato ndogo ya kampuni ya Lenovo. Nilikuwa nimeshaisoma kabla ya kusafiri: RAM yake (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) haikuchomelewa kwenye ubao, nafasi zake mbili zimo chini ya kifuniko kimoja mgongoni, diski hutoka kwa kufungua skrubu moja, na Lenovo wenyewe wameuweka bure mwongozo wa kuifungua hatua kwa hatua. Kwa mtu anayeishi Wete, huku Pemba, ambako si kila kifaa kina fundi wake, mambo hayo yana uzito kuliko wembamba wa umbo. Nilitaka pia kompyuta mpakato badala ya ile ya mezani, kwa kuwa umeme ukikatika betri, hata iliyochoka, inakupa muda wa kuhifadhi kazi.

Nilikuwa na Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi, nikaomba kuijaribu mashine kwa flashi hiyo. Muuzaji alinijibu kwa uungwana, "Iwashe tu, shekhe, uione kwa macho yako kabla hujatoa pesa." Nikaiwasha kwa flashi ile, nikabonyeza kibodi herufi moja baada ya nyingine, nikakagua kioo kwenye rangi nyeupe tupu, kisha nikasoma taarifa za betri na diski. Betri iliyoundwa kubeba Wh 62 (kipimo cha nishati) sasa inabeba 27. Diski imefanya kazi zaidi ya saa 21,000 na imeshahamisha sekta 16 zilizoharibika, yaani vipande vyake vya kuhifadhia data, na diski iliyofikia hapo haifai kukabidhiwa daftari hata moja la babu. Nilimwonyesha muuzaji maandishi yale kwenye kioo, naye akashuka kutoka 300,000 hadi 270,000.

Jumatano, 14 Januari

Nimenunua SSD, diski ya kielektroniki ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, ya GB 240, kwa shilingi 75,000. Wengi wakiona kompyuta kuukuu inasuasua hukimbilia kuongeza RAM, nami naona wanaanzia mahali pasipofaa. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosafiri huku na huko kutafuta kila kipande cha faili, na muda mwingi prosesa, ubongo wa kompyuta, imekaa bure ikikisubiri kichwa hicho. SSD haina kitu kinachozunguka. Kabla ya kununua pima unene, kwa sababu X230 inapokea diski ya milimita 7, na zile za milimita 9.5 haziingii. Nilivua reli mbili za mpira kutoka diski ya zamani, nikazivisha mpya, nikaisukuma taratibu mpaka ikakaa. Kuwaka kulikochukua dakika mbili na zaidi sasa kunachukua sekunde 24.

Windows 10 iliyokuwamo imeacha kupata masahihisho ya kawaida ya usalama tangu 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, wakati hii ni ya kizazi cha tatu. Nimeweka Linux Mint 22, ambayo itahudumiwa hadi 2029.

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimekwama, na kosa ni langu. Nilimwomba ami yangu, aliyekuwa mjini, aniletee RAM ya GB 8, lakini sikumwandikia aina yake. Amekuja na DDR4, kizazi cha RAM kilichofuata DDR3. Ina pini 260 na pengo lake limekaa mahali pengine, wakati DDR3 ya mashine hii ina pini 204, kwa hiyo hazilingani hata kidogo. Nikamwambia, "Ami, samahani, hii haingii, na mimi ndiye sikukueleza vizuri." Safari hii nimemwandikia kwenye karatasi yale yale yaliyo kwenye kibandiko cha RAM iliyomo: PC3L-12800, alama ya aina na kasi yake.

Jumapili, 25 Januari

RAM sahihi imefika, baada ya duka kukubali kubadilisha, kwa shilingi 40,000. Pamoja na GB 4 iliyokuwamo, sasa ni GB 12. Nilipoitoa ile ya zamani niliona pini zake zimefanya ukungu wa kijani, kazi ya hewa yetu ya chumvi, nikazisugua polepole kwa raba ya penseli hadi dhahabu ikarudi kung'aa. Ukiirudisha iingize kwa mshazari, kisha ilaze mpaka vishikizo vya pembeni vilie.

Nikaendelea hadi kwenye feni, ambako lazima kibodi na sehemu ya kuegemeza viganja vitoke kwanza. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, nikalichomoa zima kwa kibanio. Ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupukutika kama chokaa ya ukuta. Nimeifuta kwa spiriti na kuweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Dawa na brashi ni shilingi 7,000. Kwa kazi ile ile nzito, joto limeshuka kutoka nyuzi 93 hadi 74.

Jumamosi, 31 Januari

Jumla ni 392,000, zimebaki 58,000 kwa ajili ya betri. Bado sijainunua, kwa kuwa X230 hukagua chipu ya betri na hukataa kuchaji isiyoitambua, hivyo nangojea halisi iliyo katika hali nzuri. Nikimaliza kazi naiweka kwenye kasha lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Daftari la kwanza nimefika ukurasa wa 31, kwenye majina ya sehemu za ngalawa.