Kirenio Alipokuwa Liwali

Mwaka 2002, mwezi wa nane, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, Dodoma Vijijini kama ilivyoitwa wakati ule. Nikateuliwa kuwa karani wa sensa. Tulikaa semina, tukapewa mkoba, kitambulisho cha kuvaa shingoni, penseli na kifutio, na tukaonywa jambo moja kuliko yote: mahali pa umri pasibaki wazi. Asiyejua mwaka wake aulizwe matukio. Vita, Uhuru, Azimio la Arusha. Sisi wa huku tukaongeza ya kwetu: treni kufika Dodoma 1910, Mtunya, matrekta ya karanga Kongwa 1947, na operesheni ya vijiji.

Siku ya sensa, tarehe 25 Agosti, iliangukia Jumapili. Kijijini kulikuwa na minong'ono. Baadhi ya wazee walikataa kuhesabiwa wakitaja 2 Samweli 24, Daudi alipowahesabu Israeli na tauni ikaua watu elfu sabini. Kwa hiyo asubuhi ile mwinjilisti wetu aliliacha somo lililopangwa, akafungua Luka 2: "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu." Akasema, kama mama wa Bwana alisafiri na mimba yake mpaka Bethlehemu akaandikwe, wewe unayejificha chini ya kitanda unamwogopa nani? Watu wakamwelewa. Wiki ile sikufungiwa mlango hata mmoja, na ninamshukuru mpaka leo kwa mahubiri yale, ingawa ndiyo yaliyozaa mambo ya Jumatano.

Jumatano mchana nilifika kwenye tembe la bibi mmoja, mzee kuliko wote katika eneo langu. Nilimkuta ameketi chini kivulini, ungo wa uwele mapajani, akichambua mawe. Macho yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akitambaza vidole juu ya punje, polepole, na kila kidole kilipogusa jiwe kilisimama, kikalinyanyua, kikalitupa upande wa kushoto. Nikamsalimia, mbukwa. Akaitikia, akaendelea na kazi yake.

"Bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Miaka mnayo ninyi wa shule, mjukuu wangu. Mimi nilizaliwa treni ilipofika Dodoma. Mama alisimuliwa moshi wake, hakuuona, kwa sababu alikuwa ndani ananizaa mimi."

Nikaandika pembeni kwenye daftari: 1910. Umri, 92. Nilikuwa tayari kuujaza, lakini semina ilitufundisha kuuliza tukio la pili. Nikamuuliza kuhusu Mtunya.

Asiye wa Ugogo huenda halijui neno hilo. Ni njaa ya 1917 hadi 1920. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua. Kisha mvua zikagoma. Watu walikufa kwa maelfu, na nyumba nyingi za Wagogo bado zinahesabu ukoo kwa waliobaki baada ya Mtunya.

Vidole vya bibi vilisimama.

"Mtunya siikumbuki. Nilikuwa mgongoni. Mama aliniambia maziwa yalimkauka, akawa ananitafunia mizizi na kunitemea mdomoni."

Mtoto aliyezaliwa 1910 hawi mgongoni akinyonya mwaka 1918. Nikamtazama mwanawe wa kwanza, mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyekuwa amesimama mlangoni. Yeye alikumbuka kuwa matrekta ya Kongwa yalipokuja alikuwa tayari anachunga mbuzi. Nikapiga hesabu, nayo ikaelemea upande wa Mtunya. Nikauliza, na treni je? Mzee akafikiri, akasema, "Labda ile ya treni ni ya dada yake. Alikuwapo dada aliyekufa mdogo. Labda mama alirithishwa jina pamoja na habari zake." Bibi hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amerudi kwenye uwele wake.

Nikajaza 84. Tarakimu mbili ndani ya visanduku viwili. Nikawaaga, nikaenda nyumba inayofuata.

Jioni tulikutana kujisomea Biblia kama ilivyokuwa desturi yetu ya Jumatano. Tulikuwa 14, taa ya chemli mezani, na mimi ndiye katibu. Tukaendelea na Luka 2 kwa sababu watu walikuwa bado na maswali. Mstari wa pili unasema orodha ile ndiyo ya kwanza, iliyoandikwa Kirenio alipokuwa liwali, yaani gavana, wa Shamu, ndiyo Siria. Mama mmoja wa kwaya akauliza kitu ambacho sikuwahi kukiwazia katika miaka yangu yote ya kusoma sura ile kila Krismasi: "Huyu Kirenio, liwali wa Shamu, ni nani? Mbona anatajwa hapa halafu hatumwoni tena?"

Mwinjilisti alimpa nafasi kijana wa pale kijijini aliyekuwa likizo kutoka chuo cha theolojia, mwaka wa pili. Kijana mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kufunga Biblia na kuweka kidole katikati anapozungumza. Akaeleza kuwa Kirenio anajulikana vizuri nje ya Biblia. Josephus, mwanahistoria Myahudi, anaeleza kwamba alikuja Shamu Kaisari alipokwisha kumwondoa Arkelao, mwana wa Herode, akawaandika watu wa Uyahudi kwa ajili ya kodi. Ni mwaka 6 BK. Ndiyo orodha iliyomfanya Yuda Mgalilaya aasi, anayetajwa katika Matendo 5:37.

Mpaka hapo kila mtu alitikisa kichwa kwa furaha. Biblia na historia zilikuwa zinashikana mikono.

"Lakini," akasema, "Mathayo anatuambia Yesu alizaliwa zamani za mfalme Herode. Na Herode, kwa hesabu ya wengi, alikufa mwaka 4 KK."

Yule mama akamkatiza. "KK ni kabla ya Kristo. Sasa Kristo alizaliwaje kabla ya Kristo?"

Nilimwona kijana akitabasamu, si kwa kumdharau, kwa kufurahia swali. Akaeleza kuwa kalenda hii ilianzishwa na mtawa wa Roma, Dionysius, mwaka 525, ambaye alipiga hesabu na kukosea kwa miaka kadhaa. Basi hilo si kosa la Injili, ni la kalenda. Ila lile la kwanza linabaki. Kutoka kifo cha Herode hadi orodha ya Kirenio ni kama miaka kumi.

Chumba kilinyamaza. Nasikia mpaka leo ule mlio wa utambi.

Mwinjilisti wetu hakuwa mtu wa kushikwa bila jibu. Alikuwa na kitabu kimoja cha zamani cha ufafanuzi, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, na alikuwa amekisoma. Akasema Kirenio alikuwa liwali mara mbili, na Luka anasema "ya kwanza" kwa sababu ilikuwapo ya pili. Ushahidi ni jiwe lililopatikana Tivoli, karibu na Roma, mwaka 1764, linalomtaja mtu aliyetumwa Shamu mara mbili.

"Jiwe limevunjika, Baba," kijana akajibu. "Jina halimo. Na Shamu miaka ile ya mwisho ya Herode tunawajua maliwali wake. Hata Tertuliano, mwalimu wa Kanisa la kale, anasema orodha ya wakati ule ilifanywa na Saturnino, mmoja wao."

Akaongeza njia nyingine, na hapa ndipo ninapoona alikuwa anatafuta jibu kama sisi, si kutubomoa. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "ya kwanza" ndilo lile lililo katika Yohana 1:15, "alikuwa kabla yangu." Wapo wanaosoma basi kwamba orodha hii ilikuwa *kabla* Kirenio hajawa liwali. Yeye aliipenda njia hiyo, lakini akakiri kwamba katika Luka 2:2 sentensi inapinda ili kuipata. "Inawezekana pia," akasema kwa sauti ya chini, "kwamba Luka aliunganisha orodha mbili."

"Unasema Luka alidanganya?"

"Sijasema hivyo, Baba. Nasema miaka haikutani."

Na mimi nikasema. Sikuulizwa, nilisema. Nilimwambia asituletee mambo ya chuo kwenye kikundi cha watu wanaotaka kuokoka. Watu wakaitikia amina. Mwinjilisti akatufungia kwa sala, kisha akanielekeza niandike kwamba kijana hatasoma masomo kanisani mpaka atakapoyasahihisha maneno yake mbele ya watu. Nikaandika. Kwa penseli ile ile ya sensa, maana ndiyo iliyokuwa mfukoni.

Usiku sikulala. Upepo wa Agosti ulikuwa unapiga mchanga kwenye bati, na mkoba wenye madodoso ulikuwa kichwani pangu. Mchana nilikuwa nimepokea "labda" ya mtoto wa bibi, dada aliyekufa, jina la kurithi, bila shahidi hata mmoja, kwa sababu ilinisaidia kujaza visanduku viwili. Jioni kijana alipokataa "labda" ya jiwe la Tivoli nilimkaripia. Na tena sikumdhania bibi kuwa mwongo hata kwa dakika moja. Treni ilikuwa kweli, Mtunya ilikuwa kweli, mizizi mdomoni ilikuwa kweli. Miaka haikukutana, basi.

Niliwasha taa nikaisoma Luka tena, nikafika 3:23. Nilikuwa nimeipita mara nyingi mno. Luka anaanza sura ile kwa kufunga tarehe kwa misumari: mwaka wa kumi na tano wa kutawala kwake Kaisari Tiberio, Pontio Pilato liwali wa Uyahudi, Herode mfalme wa Galilaya (huyu ni mwana wa yule Herode wa kwanza), na wengine. Kisha anapofika kwenye umri wa Bwana mwenyewe anasema, "kama miaka thelathini." Kama. Dodoso langu halikuwa na nafasi ya neno hilo.

Asubuhi, kabla ya kuanza zamu yangu, nilikwenda nyumbani kwao kijana. Nilimkuta anakama mbuzi. Sikujua nianzeje, nikamwambia tu nimeiona "kama" ya Luka. Akaweka kibuyu chini. Tukachukua kijiti, tukaandika mchangani: Tiberio alianza kutawala mwaka 14, mwaka wake wa kumi na tano ni 28 au 29, ondoa kama thelathini. Inaangukia karibu na mwisho wa Herode, miaka michache huku au kule. Upande huu Luka na Mathayo wanasogeleana. Ni Kirenio peke yake anayebaki amesimama mbali.

"Kwa hiyo utasahihisha?" nikamuuliza.

"Nisahihishe nini, Mwalimu? Nikiwaambia Kirenio alikuja mapema nitakuwa nimesema nisichokijua, na nitakisema kanisani."

Nilimwomba radhi. Alisema yameisha, lakini nilimwona ameumia, na kuumia kwake kulikuwa haki. Jumapili tatu alikaa benchi la nyuma wakati wengine wakisoma. Ya nne alikuwa amerudi chuoni. Lile azimio halikuwahi kufutwa. Lilisahaulika, jinsi mambo yetu mengi ya kanisani yanavyomalizwa.

Namheshimu mwinjilisti wetu. Aliogopa kwamba ukivuta uzi mmoja shuka lote litafumuka, na alikuwa na kundi la kulinda. Lakini sikubaliani na alichofanya, wala na nilichofanya mimi. Mkristo anayesema "hapa tarehe hazikutani" hajaiba kitu. Nimesoma mengi tangu wakati ule, kila jibu nililolipata nimelipima, na bado siwezi kuzifunga orodha ya Kirenio na siku za Herode kwa kamba moja. Namsadiki aliyezaliwa Bethlehemu kama nilivyomsadiki kabla sijamsikia Josephus.

Bibi alifariki mwaka 2009, wakati wa mavuno ya zabibu. Ukoo ulimpa fundi kazi ya msalaba wa saruji, na mwanawe, yule yule wa matrekta, akaagiza iandikwe 1910, kwa sababu ndivyo marehemu mwenyewe alivyokuwa akisema. Mchungaji aliyeongoza mazishi alikuwa yule kijana, sasa ana kola na mvi mbili tatu. Aliniomba nimwandikie wasifu wa marehemu. Nikamwandikia, nikampa karatasi pale pale kaburini, vumbi likiturukia.

Akausoma kwa sauti, msalaba umelazwa mbele yake na tarakimu zake mbichi. "Marehemu alizaliwa kama mwaka 1918, wakati wa Mtunya," akasema, akanyamaza kidogo, akaongeza jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi yangu: "naye alitusimulia kwamba ilikuwa treni ilipofika Dodoma."